Onyo Lilifika, Ofisini Hakukuwa na Mtu

Mwezi Septemba 2006, watu wanaofuatilia joto la bahari kwa setilaiti waliona maji ya Pasifiki na ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yakipanda joto kuliko kawaida. Kwa wanaoijua kazi hiyo maana ilikuwa wazi: mvua kubwa ingeshuka Pembe ya Afrika, na nyuma ya mvua ingefuata homa ya Bonde la Ufa. Kufikia Novemba ramani zao zilikuwa zimeonyesha hatari iko wapi, mashariki mwa Kenya na kusini mwa Somalia. Onyo likatolewa. Desemba wagonjwa wakagunduliwa Garissa, watu wakitokwa damu, na mlipuko ulipokwisha mwaka uliofuata Kenya ilikuwa imezika watu wapatao 150.

Asiwepo wa kuwatupia lawama wafugaji. Mbu wanaobeba virusi hivyo hutaga mayai kwenye udongo wa mabonde yanayotuama maji. Mayai hukaa ardhini miaka na miaka, virusi vikiwa humo ndani, hadi siku mafuriko yatakapoyafikia. Mfugaji hayaoni mayai. Anachokiona ni wingu la mbu ambalo hajaliona tangu mafuriko ya 1997, kisha kondoo wake wanaanza kutupa mimba, mmoja leo, kumi kesho, halafu kundi zima, na wanaozaliwa hai wanakufa kabla ya kusimama. Wazee wa Kisomali wana jina la ugonjwa huo, sandik, na watafiti waliokwenda kuwauliza baadaye walikuta kwamba wafugaji waliuona na kuutaja kabla ofisi za mifugo hazijainuka vitini.

Angani waliona. Malishoni waliona. Pengo lilikuwa katikati, ofisini, mahali ambapo ramani ya setilaiti na kauli ya mfugaji zilipaswa kuwekwa juu ya meza moja, mbele ya mtu mwenye elimu ya kuzisoma zote mbili na ruhusa ya kumgongea mkubwa mlango: funga soko la mifugo la Garissa leo, tafuta chanjo leo, tangaza redioni leo kwamba mnyama mgonjwa asichinjwe. Mtu huyo hakuwepo. Watu walikufa kwa sababu hakuwepo.

Ninachodai ni rahisi kukitamka. Kaunti za Garissa, Wajir na Mandera zitenge fedha za umma, zao wenyewe, na kuwachukua wanasayansi vijana kwa ushindani wa wazi: mtaalamu wa maji ya ardhini, daktari wa mifugo, mtu wa hali ya hewa, mtu wa takwimu, mtu wa magonjwa ya mlipuko. Wakae miaka miwili ndani ya ofisi zinazoamua, kwa mshahara kamili: kwa gavana, kwa mawaziri wa kaunti wa maji, mifugo na afya, na kwenye kamati za bunge la kaunti. Wasipelekwe kwenye chumba cha nyuma cha kunakili faili. Ushauri wao uandikwe, uwekwe hadharani, na mkubwa anayeukataa atie sahihi kwamba ameukataa na aeleze kwa nini.

Mwaka 2006 tungeweza kusema aliyelala alikuwa Nairobi. Tangu kaunti zilipoanza kazi 2013 hatuwezi. Katiba imezipa kaunti afya, maji na huduma za mifugo. Mwaka 2018 homa ya Bonde la Ufa ilirudi baada ya mvua kubwa, safari hii Eldas, Wajir, chini ya serikali yetu ya ugatuzi, ikiwa na gavana wake na bajeti yake. Je, katika chumba alichokuwa akikaa gavana na mawaziri wake, ni nani aliyekuwa akizisoma ramani za mvua kila asubuhi na kuuliza kondoo wa Eldas wanazaa salama?

Atatokea wa kusema wataalamu tunao. Idara ya hali ya hewa ina mkurugenzi katika kila kaunti, na Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame hutoa taarifa kila mwezi ikisema kaunti ipo katika hali ya kawaida, ya tahadhari au ya hatari. Ni kweli, na wanafanya kazi ya kuheshimika. Lakini mwajiri wao yuko Nairobi, na kwenye baraza la mawaziri wa kaunti hawana kiti. Tuliona gharama yake Oktoba 2023. Wataalamu walikuwa wametabiri El Niño. Rais William Ruto akasimama na kuliambia taifa kwamba El Niño haitakuwapo, ni mvua kubwa tu. Mtumishi wa serikali kuu angefanya nini baada ya hapo? Novemba maji yalikata barabara ya Garissa kwenda Nairobi upande wa Madogo, malori ya chakula yakakwama, nyumba zikazama Wajir na Mandera, na nchi nzima ilipoteza watu zaidi ya 160. Gavana mwenye mwanasayansi wake mwenyewe mezani angeweza kusema: Nairobi imesema yake, sisi tunahamisha watu bondeni kesho.

Sasa tuzungumze kuhusu Diff. Ni wadi ya Wajir Kusini, mpakani kabisa na Somalia, kwenye mstari uliosogezwa hapo Uingereza ilipowapa Waitaliano Jubaland mwaka 1925. Mto hakuna. Maisha yanashikiliwa na visima virefu na mabwawa ya mvua, na vikishindwa hivyo, watu wanasubiri lori la maji. Desemba 2021, huko Sabuli, Wajir Kusini hiyo hiyo, twiga sita walipigwa picha wamelala mchangani wamekufa. Walikuwa wamekwama kwenye tope la bwawa lililokuwa likikauka, wakitafuta maji. Dunia nzima iliiona picha ile. Ukame ulikuwa umetangazwa janga la kitaifa miezi mitatu kabla, tarehe 8 Septemba, na misimu mitano ya mvua mfululizo ilikuja kushindwa kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022. Mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa nchini. Mvua kushindwa ni amri ya Mungu. Kwamba hatukujua kisima kipi kingekauka kwanza, hiyo ni kazi yetu.

Maana kisima huzungumza. Kifaa cha kupimia chumvi ya maji hutosha mfukoni kama kalamu. Unachovya ncha yake ndani ya ndoo, unasubiri namba itulie, unaiandika kwenye daftari pamoja na tarehe na saa ambazo pampu imenguruma tangu kipimo kilichopita. Kisha unateremsha utepe wenye alama za mita hadi ulie, na hapo unajua maji yako umbali gani chini ya miguu yako. Dakika ishirini, mara moja kwa wiki. Namba ya chumvi ikipanda wiki hadi wiki huku maji yakizidi kwenda chini, kisima hicho kinavutwa kupita uwezo wake, na unao muda wa kupunguza saa za pampu, kuelekeza ngamia kwingine, kununua kipuri kabla pampu haijaungua. Bila daftari hilo, habari ya kwanza kufika Wajir mjini ni kwamba maji yameisha, na kinachofuata ni zabuni ya malori kwa bei ya dharura.

Chini ya sehemu kubwa ya nchi hii, kutoka Merti kule Isiolo, kupita Habaswein na Dadaab hadi Liboi na kuvuka mpaka, kuna hazina ya maji ya ardhini ambayo kila mtu ameichungulia isipokuwa sisi. Maji matamu yako katikati, maji ya chumvi yako pembeni, na ukivuta kupita kiasi chumvi husogea ndani. Tangu kambi za wakimbizi za Dadaab zilipoanza 1991, wataalamu wa mashirika wameipima, wameichora na kuiandikia ripoti. Waliolipwa kuyajua maji yetu walilipwa na wengine na waliripoti kwa wengine. Ulipokuja mradi wa kuvuta maji kutoka Habaswein hadi mji wa Wajir, umbali wa zaidi ya kilomita 100, watu wa Habaswein waliupinga kwa hofu kwamba visima vyao vingekauka au kugeuka chumvi, na watu wa mjini, ambao visima vyao vifupi vimekuwa vikichafuka miaka yote, waliona wananyimwa haki ya uhai. Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Kilichokosekana ni mtu wa kaunti, anayelipwa na kodi ya pande zote mbili, mwenye vipimo vya miaka mingi mkononi, anayeweza kukaa chini ya mti na wazee wa Habaswein na kuwaambia kiasi gani kinaweza kuvutwa na kiasi gani hakiwezi, nao wakamwamini. Mahali pake pakajaa wanasiasa na mawakili.

Mpango ninaoutaka si ndoto. Marekani, chama cha wanasayansi cha AAAS kilianza kuwaweka wanasayansi katika ofisi za Kongresi mwaka 1973. Jimbo la California lilianza mwaka 2009 kuwapeleka wenye shahada za uzamivu kwenye kamati na ofisi za bunge la jimbo, wakae mwaka mzima wakisoma miswada ya maji, moto na afya pamoja na wabunge. Kinachonigusa hapo ni ngazi yenyewe: jimbo, serikali iliyo karibu na kisima. Fedha za kwanza za California zilitoka kwa wahisani, na hilo ndilo sitaki tuige.

Sitaki kwa sababu tumelijaribu. Kenya ina mpango wa kufundisha wachunguzi wa magonjwa uliozaliwa 2004, unaojulikana kwa herufi FELTP. Huchukua madaktari, madaktari wa mifugo na watu wa maabara, na kuwapa miaka miwili ya kujifunza kazini, ndani ya serikali, milipuko ikitokea wakiwa mstari wa mbele. Ni mojawapo ya mambo mazuri kabisa kuwahi kufanywa katika afya ya umma nchini. Lakini umesimama kwa msaada wa CDC ya Marekani. Januari 2025 tuliona msaada una maana gani pale Washington ilipofunga mfereji: mtandao wa FEWS NET, ulioanzishwa 1985 baada ya njaa ya Ethiopia na uliokuwa ukitegemewa na kila mtu kujua njaa inakuja wapi, ulizimwa ghafla kama taa. Macho tuliyokuwa tukitazamia yalikuwa ya kuazima. Mwenyewe aliyachukua, na hatukuwa na la kumwambia.

Na wale wanaodhani kwamba aliyeko ofisini na aliyeko nje ni mamoja, wasome Waraka wa Bunge namba 10 wa 1965. Humo Kenya changa iliandika kwamba fedha za maendeleo ziende kule zitakakozalisha zaidi, penye ardhi nzuri na mvua. Ni sentensi iliyoandikwa na watu wenye elimu ya uchumi, kwa lugha ya hesabu, na ilituhukumu sisi kwa zaidi ya miaka arobaini. Ndani ya chumba kile hakukuwa na mtu wa kusimama na kusema kwamba ng'ombe na ngamia wa kaskazini ni mali, kwamba malisho ni uwekezaji, kwamba hesabu yenu imeacha nusu ya nchi. Wakati huo eneo letu lote lilikuwa chini ya sheria za hali ya hatari, ambazo hazikuondolewa hadi 1991. Hesabu hiyo ilianza kuandikwa upya pale ilipoundwa wizara ya maendeleo ya kaskazini mwaka 2008 chini ya Mohamed Elmi, mbunge wa Wajir Mashariki, na kufikia 2012 kukawa na waraka mpya wa sera unaoutambua ufugaji kama uchumi. Mtu aliingia chumbani, na sera ikabadilika.

Najua pia elimu inaweza kuangamiza. Mathenge uko hapa kutukumbusha. Mti huo uliletwa miaka ya 1970 na 1980 na wataalamu walionuia mema: kuzuia jangwa, kutoa kuni, kufunika ardhi iliyo wazi, ukapandwa hata kwenye mradi wa umwagiliaji wa Bura, ng'ambo tu ya mto Tana. Leo umeziba kingo za mto, umefunga njia za mifugo, miiba yake inatoboa kwato na matairi, na maganda yake matamu yanaozesha meno ya mbuzi. Wafugaji wa Baringo walifika hadi mahakamani 2006 wakiwa na mbuzi asiye na meno kama ushahidi. Walioupanda waliondoka na mradi wao, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na anwani ambapo mzee wa Garissa angempata kumuuliza. Kwa sababu hiyo hasa nataka mwanasayansi aajiriwe na kaunti, akae miaka miwili palepale, na bunge la kaunti liweze kumwita na kumhoji. Mtaalamu wa mradi humjibu mfadhili. Wa kaunti atakutana na mbuzi wako sokoni.

Kuna hoja ya usalama, na haitajwi kwa mzaha. Watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015. Walimu waliuawa ndani ya basi Mandera Novemba 2014, wakauawa Qarsa, Wajir, mwaka 2018, wakauawa Kamuthe, Garissa, Januari 2020, na kila mara walimu wasio wenyeji walihamishwa kwa mamia na madarasa yakabaki matupu. Siwezi kumlaumu mzazi wa Kisii au Kitui anayemzuia mwanawe kuja Diff. Ninachosema ni kwamba chuo kile kile cha Garissa kilifunguliwa tena Januari 2016, kinahitimisha vijana, na wapo wana na mabinti wa Wajir na Mandera wenye shahada za maji, takwimu na mifugo ambao wanauza laini za simu Eastleigh. Hao hawahitaji kuhimizwa waje. Wanahitaji barua ya kazi.

Hapo ndipo tunapofika penye jipu letu wenyewe, nami sitalizunguka. Kazi za kaunti zinagawanywa kwa ukoo. Kila mtu anajua, kila mtu ananung'unika hadi zamu ya ukoo wake ifike. Nafasi hizi zikiingizwa kwenye mgao huo, tusijisumbue. Fedha ziende moja kwa moja kwenye malori ya maji. Mtihani uandikwe, usahihishwe na vyuo vikuu vya nje ya kaunti bila majina kwenye karatasi, matokeo yabandikwe ubaoni na kusomwa redioni, namba ya kwanza hadi ya mwisho. Kama wote kumi waliofaulu ni wa ukoo mmoja, basi ni hao. Virusi vya mwaka 2006 havikumuuliza mtu ukoo wake.

Fedha? Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inasema Hazina itoe kila mwaka asilimia mbili ya pato la taifa kwa Mfuko wa Kitaifa wa Utafiti. Kiwango hicho hakijawahi kufikiwa hata mwaka mmoja. Wabunge wetu wa kaskazini wanapigania barabara, na ni haki yao. Ni lini mmoja wao alisimama kudai deni hili? Tume ya Utumishi wa Umma tangu 2019 imekuwa na mpango wa wanagenzi wanaolipwa na serikali, kwa hiyo utaratibu wa kumlipa kijana msomi kwa muda maalumu upo na unajulikana. Wajir ilipitisha sheria yake ya mfuko wa mabadiliko ya tabianchi mwaka 2016, miongoni mwa kaunti za kwanza nchini, ikaunda kamati za wadi zinazochagua miradi. Kamati zile zinaamua mahali pa kuchimba bwawa. Zinaamua kwa vipimo vipi?

Na asije mtu kuniambia kwamba kanuni za fedha zinazuia mishahara kupita asilimia 35 ya mapato ya kaunti. Kanuni hiyo imevukwa na kaunti nyingi kwa kuajiri watu ambao hakuna anayejua wanafanya nini. Wanasayansi kumi kwa kila kaunti hawawezi kuwa mzigo mbele ya orodha hizo. Orodha zisafishwe, nafasi kumi zitapatikana kabla ya saa sita mchana.

Kalenda yenyewe ipo kwenye sheria. Waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti hufika bungeni kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Katika mchakato huo kaunti inalazimika kuwaita wananchi kutoa maoni. Mkutano utakapoitishwa Diff, Habaswein, Eldas, Balambala au Ijara, aende mtu mmoja wa kila boma, asimame, na amwambie mwakilishi wa wadi mbele ya watu: tunataka kuona fungu la wanasayansi kumi kwenye bajeti hii, lenye kiasi chake cha shilingi, na lisipokuwemo, tutakuuliza hapa hapa, mwaka huu na mwaka wa uchaguzi, ni nani anayepima kisima chetu.